Uzi wa Kushoto

Mtungi umepanda darini kwa mgongo wa Shebwana,
punda wake kaachwa mlangoni akitafuna boksi la sabuni.
"Juu huku wapika nini, Bi. Mwanamize?"
"Mifereji."
Akacheka, akahesabu pesa zake mara mbili, akashuka.

Sikuwa na mzaha. Karaini mna mifereji mitatu
ya nyumba ya Langoni iliyobomolewa,
komeo lisilo na mlango,
na tumbo la jiko la pampu la bibi yangu. Shaba tupu.
Kasha la mama limepungukiwa njumu tano,
na fundi amenitajia bei
kama niliyeuliza bei ya kasha.

Kosa la kwanza nalisema mwenyewe
kabla hamjalisikia kwa Bi. Rukiya:
nilifunga regyuleta ya jikoni.
Ile ni ya chai. Ni ya kupasha maziwa mtoto amelala.
Moto ukatoka wa manjano, ukalamba mdomo wa kichomeo,
kisha ukarudi nyuma, ukaingia ndani ya paipu,
pu, pu, kama mtu akohoaye kwa adabu msikitini.
Saa nzima. Shaba hata joto haikuisikia.

Nikaagiza nyingine Mombasa, ya presha kubwa, yenye geji usoni.
Hapo mkono wangu ukanisaliti.
Miaka ishirini na sita nimefunga mitungi ya oksijeni wodini,
gizani, jenereta ikisita,
nati ikienda kulia, kulia, imekaza.
Hii ikakataa. Nikailazimisha. Spana ikanichuna kidole.
Ndipo nikaona mkato mdogo kwenye pembe za nati:
uzi wake ni wa kushoto.
Gesi iwakayo hufungwa kinyume
ili mkono uliochoka
usiuoze mtungi kwa mpira usio wake.
Aliyelifikiria hilo simjui jina,
lakini naamini alikuwa amezika mtu.

Basi kushoto, polepole.
Nikakoroga sabuni kikombeni,
nikapaka kila kiungo kwa mswaki mkuukuu,
nikakaa kitako kutazama.
Povu likitulia, sawa.
Likivimba, hata kama jicho la dagaa,
funga, kaza, anza tena.
(Kiungo cha tatu kilivimba. Nilianza tena.)
Pua usiiamini, pua ina mafua yake.
Na gesi haipandi kama moshi,
huteremka ngazi bila viatu,
ikalala kiwandani ikingoja njiti ya mtu.

Nikafungua. Sindano ya geji ikapanda.
Sindano hii naijua. Niliiona ikishuka
usiku wa Athman wangu, nusu, robo, nyekundu,
na mtungi wa pili ungali Mokowe, haujavuka.
Sikujua kwamba ikipanda pia huuma.

Njiti kwanza, gesi baadaye.
Ukanguruma buluu, mfupi, umechongoka.
"Ndege ya Manda imetua kwako?" akapaza Rukiya ukutani.
Moshi mweupe ulipoanza nikahamia upepo utokako:
ni zinki, na homa yake nimewahi kuiandikia kadi.
Mtungi nao ukatoka jasho baridi tumboni.
Mjukuu wangu Tima akaubandika shavu,
"Bibi, kuna barafu!"
Nikamvuta nyuma kwa kola. Kisha nikaenda
nikabandika langu.

Njumu ya kwanza ina matundu kama mkate wa mofa.
Ya pili haina kichwa.
Ya tatu nimeigongomea kashani,
upande wa ukuta, wageni wasiione.

Kuzima: mtungi kwanza.
Uache mpira umalize pumzi yake,
moto ufifie wenyewe,
sindano ilale kwenye sufuri.
Kisha nati. Kufungua ni kulia.
Bado nakosea.