Alama Mbili

"Legeza mkanda," akasema Sista Wambeti.
"Keti. Inama. Sasa simama.
Suruali yako hukaa wapi kiunoni?"

Miaka thelathini na minne pale Ngara
swali hilo huuliza mimi,
futikamba shingoni, pini mdomoni:
shusha pumzi, bwana, usinidanganye kwa tumbo.

Kalamu yake baridi.
Doa moja kulia, doa moja kushoto,
kila moja kama kifungo cha shati, mbali na mikunjo.
"Wino huu hautoki kwa sabuni."
Chaki yangu mimi hupulizwa, ikaenda.

Jumanne Daktari Mutheki alinichorea utumbo
nyuma ya karatasi ya maabara,
akatia mkwaju wa wino karibu na mwisho.
Mionzi imeupunguza uvimbe, haikuumaliza.
"Naweza kukata juu na chini yake, niunge,
uvae mfuko hapa kulia miezi michache mshono upone.
Au niondoe hadi mwisho, nifunge kabisa.
Hapo mfuko ni wa kushoto, nao ni wa maisha."

Nikamuuliza swali la fundi:
chini ya uvimbe pamebaki kitambaa kiasi gani?
Akaweka kalamu.
"Vidole viwili. Pengine kimoja na nusu.
Nitajua nikishafungua."
Na ukishona pembezoni mno?
"Hufumuka. Ndani, usikoona."

Nikaelewa. Suruali iliyokatwa bila akiba
huchanika siku ya harusi,
mwenyewe akiinama kuwasalimu wakwe.

Syokau ndiye aliyeuliza niliyoyaogopa:
harufu, kanisani, mfuko ukipasuka njiani.
Na lile la kitandani akaliuliza pia,
akikunja risiti mpaka ikawa ndogo kama punje.
Daktari akajibu yote, hakukohoa.

Sijui kama nilichagua au nilichoka.
Nikasema: ukiona mshono utashika, unga.
Usiposhika, usinibembelezee uzi uliooza.
Fomu imeandikwa yote mawili,
sahihi yangu imepinda.

Sigara niliacha wiki ya tano sasa.
Shemeji wawili wametoa damu, mmoja akazimia, tukacheka.
Leo nimekunywa ile dawa ya chumvi,
nimekimbia msalani mara tisa;
sina cha kubakiza ila mimi.

Okwemba nimemwachia mkasi na suti tatu za Jumamosi.
Usiguse ile ya kijivu, nimemwambia.
Ile ni yangu: kiuno juu inchi mbili,
mfuko wa ndani kulia, mfuko wa ndani kushoto.

Nitakapoamka, kabla sijafumbua macho,
kabla mtu hajaniita jina,
mkono wangu utatangulia kupapasa.
Upande usiohitajika
nitaufumua mwenyewe.