Sitaki Kuyasikia

Mimi nachonga majina ya wafu.
Hapa Gyumri jiwe letu ni jeusi,
na wafu, tangu tetemeko lile, hawajaniishia.
Lakini bamba la chuma cha pua, upana wa kiganja,
hilo sikuwahi kuletewa
mpaka Vardges muuza jibini alipoingia
na theluji mabegani, kofia mkononi,
kama mtu aliyekuja kuagiza kaburi.

"Nani?" nikauliza. Ndivyo ninavyoanza siku zote.
"Hakuna aliyekufa, Haykanush. Nimeibiwa."

Mlango haukuvunjwa. Mbwa hakubweka.
Mwanawe yuko Krasnodar, anapiga plasta kwenye maghorofa ya watu,
na kwa miaka mitatu alimtumia baba
sarafu zile zisizoshikika.
Paa la nyumba lilikuwa humo:
mabati, mbao, misumari, ujira wa fundi,
vyote vimejibanza ndani ya simu
vikingoja theluji iyeyuke.

Ujumbe ulifika saa nne usiku, wenye adabu,
wenye nembo, wenye kumwamkia kwa jina lake kamili.
Pochi yako iko hatarini. Thibitisha maneno yako.
Akayathibitisha,
miwani puani, kidole kikitafuta herufi,
moja baada ya jingine, yote kumi na mawili.
"Sikukosea hata moja," aliniambia,
na hapo ndipo alipolia.

Sokoni wamemcheka. Mtu mzima!
Mimi sikucheka. Nilishamfungulia mlango
kijana aliyesema katoka kampuni ya gesi.
Mwizi wa siku hizi hana nondo;
hubisha hodi, na mwenye nyumba humshikia taa.

Sasa ana pochi mpya, yenye maneno mapya,
na mwanawe amempa masharti kwa simu
kwa sauti ya mtu anayemvusha mtoto barabara:
usiyapige picha, usiyahifadhi kwenye simu,
usimtajie mtu, hata mimi.
Karatasi huungua, karatasi hulowa. Tafuta chuma.

Basi alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne,
akanyoosha mkono. Akasita.
Nililiona swali kabla yeye hajaliona:
na huyu Haykanush, kwani si mtu?

"Rudisha mfukoni."
Nikamfunga aproni yangu, nikampa patasi ndogo,
nikamwonyesha kwenye bati bovu:
macho kwenye ncha, piga, usibembeleze.
A yake ya kwanza ililala kama mlevi.
Ya pili ikasimama.
Nikatoka uani, nikavuta mlango,
nikasimama kati ya mawe yasiyo na majina bado.

Ta. Ta. Ta. Kimya.
Ta. Kimya.
Ta, ta, ta, ta.
Miaka thelathini ya kazi hii! Sikio langu
linaijua I kwa pigo moja, E kwa mapigo manne.
Neno la kwanza lilikuwa na herufi tano.
La pili lilianza na

nikakimbia, mimi, na goti hili,
hadi kwenye banda la msumeno,
nikauwasha bila jiwe lolote chini yake,
nikauacha upige kelele, umeme ukiliwa bure,
Siranush wa jirani akichungulia dirishani
akidhani hatimaye nimepata wazimu.

Alitoka jioni, kidole gumba kimevimba,
bamba limeviringishwa kwenye kitambaa cha kuchujia jibini.
"Kuna moja nimeliharibu, nikalirudia chini yake."
"Usiniambie ni la ngapi."

Aliniletea kilo mbili za jibini la nyuzi.
Nikataka moja tu; tukabishana,
mlango wazi, asikie anayetaka.
Kisha ile karatasi akaitia jikoni.
Nilitazama ukutani, kwenye kalenda ya mwaka jana,
hadi harufu ya kuungua ilipokwisha.