Fundi wa Meno Atoka Sinema

Kazi yangu ni meno ya bandia,
hapa Kutaisi, ghorofa ya pili, juu ya tanuri la mikate,
kwa hiyo mnisamehe: filamu huianzia mdomoni.
Mkulima wa zama za wafalme,
kachapwa na njaa, kachapwa na tauni,
kisha anacheka, meno thelathini na mawili
meupe kama sahani za harusi!
Kwangu filamu imekwisha, hata ikibaki saa nzima.

Za kutisha? Naziheshimu hadi mlango ufunguke.
Mlango uliofungwa hunisimamisha malaika.
Wakishamtoa zimwi mwangani, naanza kuhesabu
mishono ya mpira shingoni mwake.
Hofu ni mgeni; ukimwona anavyokula, humwogopi tena.

Za vita ni za Vazha, mume wangu,
aliyerudi kutoka vitani na sikio moja.
Mizinga ikinguruma hulala fofofo,
kukiwa kimya hushtuka, akanishika mkono:
"Hapo," husema, "hapo sasa wamepatia."

Za mapenzi, msinichokoze.
Kwa nini lazima mvua inyeshe?
Katika mji mzima hakuna muuza miavuli?
Nipeni ile ambayo mzee anamenya peasi,
anampa mkewe vipande, yeye anatafuna kiini,
wala hawasemi neno, wala hawabusiani.
Hiyo niliiona mara tatu na koti sikulivua.

Za upelelezi: muuaji ni yule mwigizaji ghali
aliyepewa maneno machache.
Za anga za mbali: nguo zao hazina mifuko.
Funguo wataweka wapi? Mbegu za alizeti je?
Za bastola na jangwa naendea farasi tu.
Farasi hajui kuigiza. Jasho lake ni jasho.

Na Lamara, jirani yangu, aliposema
vichekesho ni vya kupitishia muda,
tulinuniana kipupwe kizima.
Kuchekesha ni kipimo, Lamara! Ni kama jino:
likizidi unene wa unywele
mtu hatafuni, na aliyelia kwa maumivu
hakuulizi ulikesha usiku mangapi.

Lakini kosa nisilolisamehe,
awe nani aliyeitengeneza, wamsifu wasimsifu,
ni mpita njia anayetazama kamera.
Umeajiriwa kupita. Pita!

Basi Novemba iliyopita, paa la sinema likivuja,
ndoo mbili katikati ya viti, sisi watu kumi na wanne,
walionyesha kichekesho cha zamani
kilichopigwa mjini kwetu nilipokuwa na miaka sita.
Mwizi wa mkate anakimbia juu ya daraja,
mto Rioni chini yake umejaa, mweupe kwa povu,
na nyuma, mtu na kreti ya chupa za limonadi,
kofia kisogoni.
Akatabasamu.
Juu, kushoto, jino la nne halipo.

Uso ningeweza kukosea.
Pengo lile, hapana.
Alikufa kabla sijajifunza kuchanganya plasta;
nimewajaza watu wa mji huu vinywa tele,
chake kikabaki vile vile, wazi.

Akasimama. Akatazama kamera.
Sekunde nne, chupa zikigongana,
akatutazama kama mtu aliyeitwa kwa jina,
halafu fremu ikamwacha, ikamfuata mwizi.

Lamara akaninong'oneza, mdomo umejaa maganda ya alizeti:
"Unaona huyo? Kaharibu."

Sikumjibu. Ndoo ilikuwa ikidondokewa, tone, tone.
Nilirudi Ijumaa, na Jumamosi,
na Jumapili nikamwacha Vazha na supu yake jikoni,
kila mara nikikaa safu ya tatu, upande wa kulia,
anakotazama.