Nyumba ya Mwisho, Bugarika

Kazi yangu mabomba. Usiku, Mwanza ikilala,
naweka nondo juu ya bomba, ncha ya pili sikioni.
Bomba zima halisemi neno.
Lililobanwa hupiga mluzi.

Nyanzobe, mke wangu, miaka thelathini na minne,
presha mia mbili kwa mia na ishirini.
Vidonge vitatu, kisha vitano.
Nesi akamuuliza kwa jicho la pembeni:
mama, unavimeza kweli?
Anavimeza. Kikombe namshikia mimi.
Mama mkwe akasema ni chumvi ya dagaa.
Jirani akasema ni mume.

Daktari Kokuhirwa, binti mdogo wa raba nyeupe,
akamlaza, akaweka kipimo juu ya kitovu,
akafumba macho kama nifumbavyo mimi kazini.
Shii, akasema. Shii, shii.

Picha ikaonyesha mshipa wa figo ya kushoto
umebanwa hapa, umevimba pale, umebanwa tena,
kama shanga za kiunoni
ambazo sikumvisha mimi.
Figo haipati damu ya kutosha, akaeleza,
inadhani mwili mzima una kiu,
inapiga yowe: ongezeni!

Nikacheka. Nikajuta kucheka.
Maana naijua nyumba ya mwisho kule Bugarika,
juu kabisa maweni, bomba lake limejaa kutu.
Kila alfajiri inapiga simu: hatuna maji.
Bwana wa pampu anaongeza msukumo, anaongeza,
hadi mabomba yanapasuka huku chini Mabatini,
watoto wanaoga barabarani,
na nyumba ile bado kavu.
Tuliiita korofi.
Kumbe ina kiu kweli.

Walipitia kinenani. Waya, kisha puto
dogo kuliko punje ya mchele,
likavimba, likanywea, likatolewa.
Si kila mshipa huzibuliwa hivi, daktari alituonya;
wengi hubaki na vidonge vyao, na vinawatosha.
Yeye amebakiwa na kimoja.
Mia na thelathini na mbili. Nimeiandika ukutani kwa mkaa.

Lakini hili sijamwambia mtu:
miaka minne nimelalia tumbo lile,
mimi, fundi wa kusikiliza,
nikasikia shii, shii,
nikadhani ni ziwa.

Jana nililalia tena.
Kimya. Kisha tumbo likanguruma, njaa tu,
naye akasema: toa kichwa chako, kizito.