Maji Safi Mno

Chaza watatu, kila mmoja kimo cha ukucha wa dole gumba,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.
Jelmer aliwaleta katika mfuko wa plastiki uliotuna maji,
akawaweka mezani kando ya mkate,
akasema, "Mama, hawa watakusafishia tangi,"
na Jumatatu akapanda treni kwenda Harlingen,
kwenye meli ya kuvuta meli.

Kusafishiwa? Mimi?
Mimi binti wa Hiltje, ambaye vioo vya madirisha yake
ndege waliviparamia wakidhani ni anga?
Nilikuwa na ndoo. Nilikuwa na mpira wa kunyonya taka.
Nilikuwa na Jumamosi nzima.

Wakazama mchangani siku ile ile.
Sijaona mfugo usiomjali mfugaji kama huu:
hana jicho la kukutazama, hana mkia wa kukushukuru.
Yanabaki matundu mawili juu ya mchanga,
kama pua ya mtoto aliyejifunika blanketi,
moja lavuta, moja latoa,
na wewe umesimama na kikombe mkononi
ukivuta na kutoa.

Mwezi wa kumi samaki wakapanda juu, wakihema.
Nikachimba kwa kijiko cha chai.
Wa kwanza alikuwa wazi kama pochi iliyoibiwa.
Ndipo nikajua kuwa kwa chaza
aliyefumba yu hai,
mfu ndiye mwenye mdomo wazi.
Harufu yake sitaisema.

Nikasafisha zaidi. Ningefanya nini kingine?
Nusu ya maji nikamwaga, vioo nikavisugua,
kila jani nikalipangusa kwa vidole viwili.
Baada ya wiki mbili akafa wa pili.

Oeds wa nyumba ya pili alikuja kurudisha ngazi.
Miaka thelathini amezoa tope la mifereji ya mji huu wa Leeuwarden
na kucha zake bado zinalikumbuka.
Akainama tangini, kofia mkononi.
"Maji haya," akasema, "mtu angebatizia mtoto."
Nikafurahi.
"Basi huyu anakula nini?"

Sikuwa na jibu.

"Hakufanyii usafi, Wytske. Anakula.
Nawe kila siku unamwandalia sahani tupu,
tena umeipiga sifongo."

Nikachukua chupa iliyokuwa ya matango ya siki,
nikaijaza maji yaliyolala,
nikaiweka kwenye dirisha la mbele, la kusini,
mbele ya macho ya wapita njia wote na baiskeli zao,
kisha nikafanya kazi iliyonishinda tangu nizaliwe:
nikaiacha.
Siku ya nne ikaanza kufifia.
Siku ya tisa ikawa kijani kizito, supu ya njegere.
Mama angeniita kwa jina langu lote.

Kwenye droo nikakuta bomba la plastiki, lisilo na sindano,
nililompa nalo Jelmer dawa ya homa akiwa mchanga.
Nikavuta kijani, nikakishusha polepole karibu na tundu,
tone, tone tena.
Tundu likatanuka.
Nilisahau birika jikoni hadi likakauka.

Jumapili Jelmer hupiga simu.
"Salama. Baridi. Chakula kizuri."
Zamani ningeuliza, ningeuliza tena,
ningesugua mpaka akatike.
Sasa nasikiliza injini nyuma yake, na pumzi.
Amefumba. Sawa.
Chumbani kwake sijaingia na ufagio wiki ya tatu;
juu ya meza yake mtu angeweza kuandika jina.

Nje mfereji umeganda, watoto wanaujaribu kwa kisigino.
Leo asubuhi kuna mstari mchangani, urefu wa kidole,
umepinda, umekata kona, hauna sababu ninayoijua.
Chupa inahitaji jua. Jua hakuna.
Nimeisogeza karibu na taa ya kusomea.