Mazoezi

Sanduku limekaa wazi kitandani tangu mwezi kuandama;
sweta chini, ndimu saba juu.
Bi Mize kasema bahari ya watu haina adabu.

Limbani yote yanukia pilau.
Wajukuu wa Faki wameingia kutaka mkono wa Idi:
"Bibi, meli yako ina ghorofa ngapi?"
Kumi na moja.
Hawaamini. Hata mie.

Raya, aliyelipa nauli, kaniandikia:
usichukue chakula, melini mna kila kitu.
Mna mkate wa kumimina?
Nimefunga mmoja kwenye kanga, kando ya viatu.

Alasiri nikenda uwanjani kuaga,
nikaona pembea ya mbao, nikapanda.
Mia tano. Watoto walicheka mpaka chini.
Ikapaa; roho yangu ikabaki na wauza ubuyu.

Niliposhuka, nikatoa mia tano nyingine.