Mtundu wa Nyuma ya Jiko

Mtundu huu ulikufa wima.
Mwaka ule Mihayo aliuvua gome zima,
akalikunja, akalishona kwa vijiti, likawa mzinga.
Asali tukala, tukauza, tukasahau
kwamba mti hauna gome la pili.

Misimu mitatu umesimama nyuma ya jiko
ukidondosha tawi mojamoja usiku,
kama mtu anayelipa deni kwa shida.
Juzi tawi limetoboa bati.
Mwenye mashine, kule Sikonge mjini, kataka elfu themanini.
Elfu themanini! Na tumbaku hatujalipwa.

Nikaazima msumeno wa watu wawili kwa Nshoma,
na Nshoma mwenyewe nikamwazima.

Mihayo yumo ndani. Mgongo umemgomea tangu Juni.
Anaamuru kwa dirishani:
"Usianze na shoka. Anza na macho."

Hilo kweli. Nikauzunguka mara tatu,
nikaugonga kwa kisogo cha shoka.
Usawa wa kifua ukaitika bu, bu: mchwa wamehamia.
Chini, karibu na goti, ngo.
Basi tutakata hapo, mti ulipo bado mti.
Juu, matawi mawili yamening'inia, hayajaamua.
Chini yake sikusimama kupiga soga.

Nikachukua fimbo ya urefu wa mkono wangu,
nikaisimamisha mbele ya jicho,
nikarudi kinyumenyume, nikapita tuta la viazi,
hadi ncha ya fimbo ikafunika ncha ya mti.
Nikachomeka kijiti.
"Kilele kitalala hapa," nikamwambia Kalunde.
"Wewe na kamba yako nendeni mbali zaidi,
tena pembeni. Nikisema achia, achia."

Kuku nikawafungia. Mbuzi nikamhamisha.
Nikafagia njia ya kukimbilia,
nyuma na kando, si nyuma moja kwa moja,
maana shina likianguka huweza kupiga teke.
Hata bua la mtama nikaling'oa;
bua moja lamtosha mwenye haraka.

Asubuhi, upepo haujaamka.
Upande wa shamba nikaukatia mdomo,
theluthi ya unene wake,
mdomo wazi wa mtu aliyekatizwa maneno.
Kisha upande wa jiko, juu kidogo ya mdomo ule,
mimi na Nshoma: vuta, nipe, vuta, nipe,
unga mwekundu ukitujaa viatuni,
Nshoma akicheka kwamba hata kwenye ndoa yake
hajawahi kuvutana vizuri hivi.

"Usikate wote!" dirisha likapiga kelele.
"Acha bawaba!"
Najua, baba Kalunde.
Mlango usio na bawaba humwangukia aliyeufungua.
Nikaacha vidole vitatu vya mti.
Nikapigilia kabari ya mninga. Moja.
Mbili.

Ndipo mti ukasema.
Si kwa sauti kubwa. Kama goti la mgonjwa
anayejaribu kuinuka mwenyewe.
"Achia!"
Msumeno tukauacha palepale, chuma hununuliwa,
tukashika njia tuliyoifagia.

Ukainama taratibu.
Halafu si taratibu.

Vumbi.
Kilele kilikipita kijiti changu kwa hatua mbili,
kikalaza mstari mzima wa kunde.
Sawa. Kunde zitasamehe.
Jiko limesimama, na ukuta wake wa nyuma,
ambao jua halikuwahi kuugusa,
unaonyesha kila ufa.

"Mama Kalunde!"
Nilikuwa nimekaa kwenye kisiki,
mikono inatetemeka, nahesabu pete za mti
na kupotea kila nikifika ishirini.
"Mama Kalunde?"
Nshoma alinitazama. Sikujibu.
"Nyamizi! Nyamizi we!"

Miaka kumi na tisa hajaliita jina hilo.
Nikamwacha aliite mara moja tena,
ndipo nikasema, nipo.